Nani ameshika mkono wa platini? Historia fupi ya mwanga, risasi na petroli

Leo tuziweke kando seva na hifadhidata, tuongee kuhusu moshi wa magari. Usikimbie. Hata huko kuna kazi ya kutafuta hitilafu, tena hitilafu iliyowasumbua watu wenye akili zao kwa zaidi ya miaka mia moja.

Swali lenyewe ni jepesi. Petroli inayouzwa Garissa leo haina risasi. Hadi mwaka 2005 ilikuwa nayo. (Risasi ninayosema hapa ni ile metali nzito ya kijivu, siyo ya bunduki, ingawa hii nayo imejeruhi watu wengi kimyakimya.) Je, ni nini kilichobadilika?

Jibu fupi: serikali za Afrika zilikubaliana kuiondoa. Jibu refu linapita Slough nchini Uingereza, Leningrad, mji mdogo wa Beacon katika jimbo la New York, kisha Changamwe, na linaishia kwenye kitu chembamba kuliko vyote: tabaka moja la molekuli zilizonata juu ya metali. Leo nataka tulifuate hilo jibu refu, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalomhusu hata mtu asiye na gari.

Dalali asiyechoka

Tuanzie soko la mifugo la Garissa, maana kila kitu muhimu mjini huanzia hapo. Muuzaji ametoka mbali na ng'ombe wake, mnunuzi ametoka Nairobi na pesa zake. Hawajuani na hawaaminiani. Wangeachwa wenyewe wangekaa mpaka jua lizame. Anakuja dalali, anamshika huyu mkono, anamshika yule mkono, biashara inafungwa. Jioni muuzaji ana pesa, mnunuzi ana ng'ombe, na dalali yupo palepale akingoja wengine. Ukiondoa ile kamisheni yake, huyo ndiye mfano mzuri kabisa wa kichocheo.

Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha. Mwaka 1823 Mjerumani Johann Döbereiner alielekeza mkondo wa gesi ya haidrojeni kwenye unga wa platini. Gesi ikawaka yenyewe, bila kiberiti. Platini ikabaki kama ilivyokuwa. Mwaka 1835 Berzelius wa Uswidi aliipa tabia hiyo jina la kitaalamu, lakini kuipa jina siyo kuieleza. Watu walijua kinachoingia na kinachotoka. Kilichotokea katikati hawakukijua.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo vizuri. Unapewa mfumo wa mtu mwingine, unaona data inaingia upande huu na jibu linatoka upande ule, lakini hakuna logi hata moja. Mfumo unafanya kazi mpaka siku unapokataa, na siku hiyo hujui pa kuanzia.

Katika masoko mengi ya mifugo ya Wasomali kuna desturi ya zamani: bei hupatanwa kwa vidole, mikono ikiwa imefichwa chini ya kitambaa. Waliosimama pembeni wanaona watu wameshikana mikono, ila hawajui vidole vinasema nini. Kichocheo kilikuwa hivyo hivyo. Kazi yote ilifanyika chini ya kitambaa.

Mmoja wa wa kwanza kukisia vizuri kilichomo alikuwa Irving Langmuir, mkemia wa kampuni ya General Electric huko Marekani. Alieleza kwamba gesi haihitaji kuingia ndani ya metali. Inanata juu yake tu, molekuli moja kwa kila nafasi, na nafasi zikijaa hakuna tena pa kunata. Mwaka 1922 alichapisha maelezo yake kuhusu kaboni monoksaidi na oksijeni juu ya platini, akaonyesha jambo la ajabu: kaboni monoksaidi ikizidi, kazi inapungua badala ya kuongezeka. Gesi hiyo inashika mikono yote ya dalali, oksijeni inakosa mkono wa kushika, na soko linasimama. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Lakini hata yeye hakuwa ameona. Alikuwa amekisia kwa hesabu na kwa vipimo vya gesi.

Mwanga usioonekana

Chombo cha kufunua kitambaa kilikuwa kimeshagunduliwa zamani, na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Mwaka 1800, William Herschel, mwanaastronomia aliyeishi Slough, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu ili ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Aliweka kipimajoto kwenye kila rangi. Kisha akakisogeza nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Joto likapanda zaidi. Kulikuwa na mwanga pale, ila macho yetu hayakuumbwa kuuona. Ndio tunaouita infraredi. Mtu wa Garissa anaujua vizuri kwa ngozi yake hata kama hajawahi kusikia jina lake: ukipita karibu na ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa, lile joto unalolihisi shavuni kabla hujaugusa ndilo hilo.

Baadaye iligundulika kwamba molekuli huumeza mwanga huo, na kila moja ina chaguo lake. Chukua kaboni monoksaidi: atomi moja ya kaboni na moja ya oksijeni. Zifikirie kama mipira miwili iliyounganishwa kwa springi. Springi inatetemeka kwa mdundo wake, na ukiileta mwanga wenye mdundo uleule inaumeza. Kwa kaboni monoksaidi iliyo huru hewani, ni mwanga ambao mawimbi yake 2143 yanaenea katika sentimita moja. Wataalamu husema tu "2143". Springi ikikazwa namba inapanda, ikilegezwa namba inashuka. Shika hilo, tutalihitaji.

Mwaka 1905 Mmarekani William Coblentz alichapisha vipimo vya infraredi vya vitu zaidi ya mia moja, na tangu hapo ikajulikana kwamba kila aina ya molekuli ina alama yake kama ya kidole gumba. Kazi ya kusoma vitu kwa mwanga namna hii ndiyo spektroskopia.

Basi kwa nini watu hawakumulika platini moja kwa moja? Sababu mbili. Kwanza, tabaka moja la molekuli ni chache mno. Mwanga unapita bila kuzihisi. Pili, metali haipitishi mwanga huo hata kidogo. Ni kama kutaka kusoma maandishi ya penseli yaliyoandikwa juu ya sufuria, kwa kuweka tochi upande wa pili wa sufuria.

Leningrad na Beacon

Njia ya kutokea ilikuwa kuongeza uso. Huko Leningrad katika miaka ya 1940, Aleksandr Terenin na wenzake walitumia glasi yenye vitundu vidogo mno. Glasi ya namna hiyo inapitisha sehemu ya mwanga wa infraredi, na uso wake wa ndani ni mkubwa sana. Molekuli zilizonata kwenye kuta za vitundu hivyo zilikuwa nyingi kiasi cha kuonekana.

Hatua iliyofuata ilifanyika mahali ambapo wengi hawangetarajia, katika maabara ya kampuni ya mafuta. Robert Eischens alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Texaco mjini Beacon. Yeye na wenzake walichukua unga laini wa silika, kitu ambacho ni ndugu wa mchanga mweupe. Gramu moja ya unga huo inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 200, yaani unapita kiwanja kizima cha mpira wa wavu. Juu ya uso huo walitawanya chembe ndogo mno za metali: platini, shaba, nikeli, paladiamu. Chembe zikiwa ndogo hivyo haziuzibi mwanga. Wakaruhusu kaboni monoksaidi iingie, inate, kisha wakamulika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Kwenye platini, ile namba 2143 haikuwepo tena. Ilikuwa imeshuka hadi karibu 2070, na pembeni palikuwa na alama nyingine pana zaidi, chini, karibu na 1850.

Tusome hiyo logi. Namba imeshuka, maana yake springi imelegea. Metali haijaishika molekuli juujuu tu. Imeingia kwenye kifungo chenyewe kati ya kaboni na oksijeni. Mwaka 1964 George Blyholder alieleza jinsi inavyotokea: kaboni inaipa metali elektroni, na metali inarudisha elektroni zake, lakini zinazorudi zinakaa mahali panapodhoofisha kifungo cha molekuli. Mkono unaopokea ndio huohuo unaolegeza. Na kwa nini alama mbili? Molekuli nyingine zimesimama juu ya atomi moja ya platini, hizo ndizo za 2070. Nyingine zimelala kama daraja kati ya atomi mbili. Hizo zimeshikwa na mikono miwili, springi imelegea zaidi, ndiyo maana namba iko chini zaidi.

Hebu tulia kidogo hapo. Tangu Döbereiner miaka 131 imepita, na sasa mtu anakaa mbele ya mashine na kusema: molekuli hii imeshikwa na mkono mmoja, ile na miwili. Kitambaa kimefunuliwa.

Baada ya hapo zilikuja mashine nyingi zaidi, nyingine zikitumia elektroni na eksirei badala ya infraredi, na metali safi kabisa ndani ya vyombo visivyo na hewa. Aliyepata tuzo kwa kazi hiyo ni Gerhard Ertl wa Ujerumani, Nobel ya kemia mwaka 2007. Miongoni mwa mambo aliyoyafumbua hatua kwa hatua ni hilihili la kaboni monoksaidi juu ya platini, lile ambalo Langmuir alilikisia mwaka 1922.

Mgeni asiyeachia mkono

Sasa turudi kwenye risasi.

Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Petroli iliyotiwa risasi ilianza kuuzwa Dayton, Ohio, mwezi Februari 1923. Onyo lilikuja mapema. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha Bayway, New Jersey. Biashara iliendelea, na risasi ikasambaa duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo.

Wakati huo magari yalizidi kuwa mengi na moshi ukazidi kuwa mzito. Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alitengeneza kisafisha moshi katika miaka ya 1950: kichocheo kinachokaa kwenye bomba la moshi na kubadilisha kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi kabla haijatoka nje. Wazo lilikuwa zuri, lakini kwa petroli ya wakati ule kichocheo kilikufa haraka. Risasi ilikuwa inakipaka.

Tuseme ukweli: hakuna aliyehitaji spektroskopia kujua kwamba risasi inaua kisafisha moshi. Kuendesha gari kulitosha. Kilichohitaji kufunuliwa kwa kitambaa ni sababu, na sababu ndiyo inayokuambia kama kuna dawa. Kaboni monoksaidi inanata kwenye platini kwa nguvu, lakini platini ikipata moto wa kutosha inaiachia au inaibadilisha, na mkono unakuwa huru. Ndiyo maana kisafisha moshi kinaanza kazi vizuri kikifika nyuzi 250 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana moshi wa gari lililowashwa sasa hivi ndio mbaya zaidi. Risasi ni mgeni wa aina nyingine. Inakaa juu ya metali na kuziba vitundu vinavyoizunguka, na joto la kawaida la moshi haliiondoi. Kisafisha moshi kizima kina gramu chache tu za metali za thamani, zimetandazwa kama chembe ndogo juu ya kauri yenye matundu kama sega la nyuki. Kwa kuwa kazi yote iko usoni, huhitaji risasi nyingi. Inatosha kufunika uso.

Hapo pakawa hapana mapatano. Ama risasi, ama platini. Marekani ilipotaka magari ya mwaka 1975 yawe na visafisha moshi, ililazimu vituo vya mafuta kuanza kuuza petroli isiyo na risasi mwaka 1974. Na hapa kuna jambo la kufikirisha. Petroli isiyo na risasi ililetwa kwenye pampu kwanza ili kulinda platini. Sheria ya kupunguza risasi kwa ajili ya afya ya watu ilikwenda sambamba, lakini ilipigwa vita mahakamani kwa miaka. Platini ilipata mtetezi haraka kuliko mtoto.

Kutoka Changamwe hadi Garissa

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963. Mafuta ghafi yaliingia, ikatoka petroli, dizeli, mafuta ya taa na lami. Tangu mwaka 1978 bomba la Mombasa hadi Nairobi limekuwa likisukuma mafuta yaliyosafishwa mpaka bara. Kutoka hapo ni kazi ya malori: Thika, Mwingi, kilomita zaidi ya 350 mpaka daraja la Mto Tana na mji wa Garissa, kisha mbele kwenda Dadaab, Wajir na Mandera. Chochote kilichotiwa kwenye petroli mwanzoni mwa safari hiyo kilifika mpaka mwisho wake.

Sasa, ukiondoa risasi, injini itagonga. Lazima upate njia nyingine ya kupandisha oktani. Njia hiyo nayo ni platini! Mwaka 1949, mkemia Vladimir Haensel wa kampuni ya UOP ya Marekani alianzisha njia ya kupitisha petroli duni juu ya kichocheo cha platini kwenye joto la karibu nyuzi 500. Molekuli zilizonyooka zinakunjwa kuwa pete, na petroli inayotoka haigongi. Mitambo ya namna hiyo ilienea viwandani kote, Changamwe ikiwa mojawapo. Ndiyo maana kampuni ya mafuta kama Texaco ilimlipa Eischens kuchungulia metali kwa infraredi: kila kilichokuwa kimenata juu ya chembe hizo kilikuwa pesa inayoingia au pesa inayopotea.

Kwa hiyo platini ilisimama pande zote mbili za tangi la gari. Kiwandani iliwezesha risasi iondoke, na kwenye bomba la moshi ilidai iondoke.

Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegali, zikatoa azimio la kuachana na petroli yenye risasi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa dunia wa Johannesburg, ukaundwa ushirika wa kimataifa wa mafuta na magari safi, na ofisi zake zikawekwa kwenye Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, palepale Gigiri, Nairobi. Kufikia Januari 2006, Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Mwezi Agosti mwaka huo UNEP ikatangaza kwamba enzi hiyo imekwisha, na tangazo hilo lilitoka jijini kwetu.

Kilichosukuma zaidi huku kilikuwa afya. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Lakini magari nayo yalikuwa na kisa chao. Sehemu kubwa ya magari yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na tayari yana visafisha moshi. Kabla ya 2006 gari kama hilo lilishuka Mombasa likiwa zima, likatiwa petroli yenye risasi, na baada ya matangi machache platini yake ilikuwa imefunikwa. Mwenye gari alibaki amebeba kauri isiyo na kazi.

Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na sasa mafuta yetu huja yakiwa yamesafishwa nje. Salfa, adui mwingine wa platini, ilipunguzwa pia: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha dizeli kisizidi sehemu 50 katika milioni. Salfa ina nafuu kidogo kuliko risasi, kwa sababu joto kali linaweza kuiondoa kwa sehemu. Hata hivyo wako waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli kwa kuwa yalikuwa bei rahisi, na mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Wengi walilalamika kwamba tozo inamuumiza mwenye koroboi, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Mkono uleule, ndani ya damu

Nilisema kuna jambo linalomhusu hata asiye na gari. Ni hili.

Kwenye damu yetu kuna himoglobini, na katikati yake kuna atomi za chuma. Kazi ya chuma hicho ni kushika oksijeni mapafuni na kuiachia mwilini. Nayo ni dalali. Kaboni monoksaidi ikiingia inakishika chuma hicho kwa njia ileile inavyoshika platini: kaboni inatoa elektroni, chuma kinarudisha. Mwaka 1968 watafiti Alben na Caughey waliimulika damu yenye gesi hiyo kwa infraredi wakaona alama kwenye 1951. Kumbuka 2143 ya gesi huru. Namba imeshuka, springi imelegea, mkono umeshikwa. Tena unashikwa kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikwa.

Kwa hiyo alichokieleza Langmuir mwaka 1922 kuhusu kipande cha metali kinaweza kutokea chumbani kwa mtu usiku. Jiko la makaa limeingizwa ndani kwa sababu ya baridi au mvua, madirisha yamefungwa. Au umeme umekatika na jenereta ya petroli imewashwa ndani ya duka, mlango nusu wazi. Jenereta nyingi ndogo hazina platini ya kusafisha chochote. Gesi haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala.

Dawa yake nayo inafuata mantiki ileile. Platini huachia mkono kwa moto. Binadamu huwezi kumchoma moto. Unachofanya ni kujaza oksijeni nyingi mpaka ishinde kwa wingi, nafasi moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mtu aliyevuta moshi huo hutolewa nje kwanza, hospitalini akapewa oksijeni.

Kwa wapenda vifaa

Wengine mtauliza, mimi ninaweza kuyaona haya kwa kifaa changu? Kwa kiasi, ndiyo.

Mashine za kupimia moshi wa magari zina taa ya infraredi, bomba la gesi, kichujio na kihisi. Kichujio kinaruhusu mwanga wa urefu wa karibu mikromita 4.67 tu. Gawanya sentimita moja kwa 2143 utaona namba hiyo imetoka wapi. Ni springi ileile.

Kihisi cha bei nafuu kiitwacho MQ-7, ambacho wengi hukiunganisha na Arduino, hakitumii mwanga bali kinatumia kunata kwenyewe. Ndani kuna oksaidi ya bati. Oksijeni ya hewa inanata juu yake na kuzuia umeme kupita. Kaboni monoksaidi ikija inaiondoa oksijeni hiyo, umeme unapita kwa urahisi, nawe unasoma badiliko hilo. Ukisoma karatasi yake ya maelezo utakuta agizo la kukipasha moto kwa volti 5 sekunde 60, kisha volti 1.4 sekunde 90, tena na tena. Wengi hawaelewi kwa nini, wanaacha volti 5 muda wote na kupata namba za ovyo. Sasa unajua: ule moto mkali ni wa kusafisha uso, kuilazimisha mikono iachie kabla ya kipimo kinachofuata. Lakini ni kifaa cha kujifunzia. Usimtegemeze mtoto wako usiku kwa kitu ulichounganisha mwenyewe kwa waya. Nunua king'ora kilichopimwa, na jenereta iwe nje.

Na kama gari lako bado lina kisafisha moshi chake cha asili, usikubali mtu akuambie kwamba hakina maana akiondoe. Kina platini, paladiamu na rodiamu, na huyo anayekuambia huenda anajua bei yake kuliko wewe.

Haya, nisiwachoshe. Mwenye kujua zaidi kuhusu ile mitambo ya Changamwe, hasa wazee mliofanya kazi pale, karibuni mniongezee na mnisahihishe. Wiki ijayo tunarudi kwenye kompyuta.